Maboza Saba, Ibra

Nilikuwa ghorofa ya thelathini na moja, Dubai,
miaka miwili nikibishana na watu wenye akili
juu ya kitufe kimoja: kiwe buluu, au buluu iliyokoza.
Mshahara ulikuwa mnono. Kitufe chenyewe,
hadi leo sijakutana na mtu aliyekibonyeza.

Nikaacha. Mama akasema, "Wenzio hupanda ngazi,
wewe umeitia begani ukarudi nayo Ibra."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kompyuta,
chumba nyuma ya duka la matairi la mjomba Hilal,
na wazo: mtu aagize maji kwa simu,
boza lije, tangi la darini lijae.

Wazo jepesi. Likafeli wiki ya kwanza.
Niliweka visanduku: namba ya jengo, namba ya njia,
kama nilivyofundwa kule juu.
Bi Zuweina aliviacha vitupu vyote,
akampigia dereva mwenyewe, Gul Zaman,
kwa Kiarabu chake kilichochovywa Kiswahili,
sauti inavuka ukuta:
"Pita duka la Mbaluchi, lile lililofungwa,
kata kushoto pale ulipokuwa mlango wa kijani."

Ulipokuwa.
Nikalala na neno hilo.
Ramani kubwa zinajua kilichopo.
Mtaa wetu huelekezana kwa vilivyoondoka:
duka lisilo bidhaa, mlango uliobadilishwa rangi,
mtende ulioanguka mwaka wa mafuriko.
Na Gul Zaman, aliyekuja juzi tu kutoka Peshawar,
anageuza usukani pale pale
kwa vitu asivyowahi kuviona.

Nikafuta visanduku. Nikaweka kipaza sauti
na maneno haya: Elekeza kama unamwambia mgeni.
Mengine yakaja kidogo kidogo, kwa kusutwa:
honi mara moja tu, mtoto kalala;
lango bovu, lisukume kwa bega;
fedha mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia.
Hakuna hata moja lililotoka kichwani mwangu.

Mtu wa Riyadh akanipigia kwa video.
Shati jeupe, subira kidogo.
"Watumiaji wangapi?"
"Nyumba mia mbili na kumi na sita."
Akangoja, akidhani nimesahau kutaja elfu.
Hata hivyo akanitajia mshahara. "Jaza fomu, mwisho Jumapili."
Sikufichi, nilihesabu.
Mkopo wa gari haulipwi kwa dua za majirani,
na harufu ya matairi hulala ndani ya nywele.

Jumamosi alfajiri mume wa Bi Zuweina akafariki.
Jua halijagusa milima, simu yangu ikaanza kutetemeka:
boza, nyumba ya Bi Zuweina.
Boza, nyumba ya Bi Zuweina.
Maagizo saba, simu saba,
na yeye mwenyewe hakuagiza hata moja.
Sikuwa nimeunda mahali pa kuagizia nyumba isiyo yako.
Walijitengenezea, kwa sauti zao:
"Si kwangu, kwake. Mlango ule ule."
Kila mmoja alijua msiba unataka maji.
Hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Foleni ya maboza ikafika duka lililofungwa.
Saa mbili asubuhi tangi likafurika,
maji yakateremka ukutani mbele ya waombolezaji.
Gul Zaman akakunja mpira wake,
akavua viatu, akaingia matangani na miguu iliyolowa.

Usiku nikafungua msimbo kurekebisha kosa.
Mstari mmoja tu: Jirani ameshaagiza.
Niliuandika. Nikaufuta.
Nikauandika tena, maana maji ni mali.

Kisha nikafungua fomu ya Riyadh.
Eleza mafanikio yako kwa tarakimu.
Nikaandika: nyumba moja, maboza saba.
Kisanduku kikawa chekundu, kikakataa:
weka namba moja tu.